Maharage hayaivi na mkaa umekwisha: niingize jiko ndani?

SWALI: Nyumbani tunapikia umeme tu. Nimenunua jiko la mkaa ili umeme ukikatika kwa siku kadhaa tusilale njaa. Nilipojaribu kupika maharage mekundu nje, upepo ulikuwa mkali, nikaongeza mkaa mara mbili na bado yalikuwa magumu. Siku ya dharura naweza kupikia ndani nikifungua madirisha? Na niweke akiba ya mkaa kiasi gani?

JIBU: Ndani usithubutu, ndugu msomaji, hata madirisha yote yakiwa wazi. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, ndio unaowahadaa watu: unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke. Gereji nayo ni ndani. Ukishamaliza kupika, jiko libaki nje mpaka makaa yazimike kabisa, kwa sababu hata yanayofifia bado yanatoa hewa hiyo.

Upepo una dawa nyepesi. Kinga jiko kwa matofali upande unakotoka upepo, mbali na ukuta wa nyumba na madirisha, kisha punguza mlango wa jiko. Upepo ukiingia ovyo mkaa huwaka kwa kasi, na joto linakwenda zake kabla ya kufika kwenye sufuria.

Ila kwa maharage, kilichokula mkaa wako zaidi nadhani ni kutokota kwa saa nyingi. Maji yakishachemka hayazidi kupanda joto hata ukipalia mkaa namna gani; unazalisha mvuke tu. Kwa hiyo jifunze kupika kwa joto lililohifadhiwa. Chukua kapu au boksi kubwa, litandike blanketi au nguo za pamba chini na pembeni, unene wa sentimita 10 hivi, ukiacha nafasi inayoitosha sufuria. Chakula kikishachemka vizuri, funika, hakikisha hakuna kaa lililonata chini ya sufuria (blanketi likishika moto utakuwa na dharura mbili), itumbukize na uifukie juu kwa mto mzito. Kitaendelea kuiva chenyewe bila moto. Sufuria iwe imejaa karibu yote, kwani chakula kidogo hupoa haraka. Maji punguza kidogo, maana hayapotei kwa mvuke.

Maharage mekundu yana sharti lake, na hapa usifanye mzaha. Yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Moto wa uvuguvugu hauitoshi, na maharage yaliyopikwa nusunusu yanaweza kudhuru kuliko mabichi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemshe kwa nguvu dakika 30, ndipo uyatie kapuni. Yaache saa tatu au nne bila kuchungulia. Kila ukifunua unapoteza joto. Ukifunua yakiwa bado magumu, yarudishe motoni yachemke tena, kisha kapuni. Kipimajoto kikisoma chini ya nyuzi 60, usiyaache humo yakisubiri, kwa kuwa vijidudu huanza kuzaliana.

Akiba ya mkaa sikutajii namba, kwani jiko lako na sufuria yako ndivyo vinavyoamua. Chagua siku moja umeme ukiwepo, usiwashe jiko la umeme kabisa, upike milo yote nje. Pima mkaa kwa mizani kabla ya kuanza, kisha upime uliobaki. Tofauti hiyo zidisha kwa idadi ya siku unazotaka kujiandalia, uongeze wa kuchemshia maji ya kunywa. Weka mkaa huo pakavu, pamoja na kiberiti ndani ya kopo lisilopitisha maji. Jaribio hilo lirudie siku ya mvua, maana hapo utagundua kama unahitaji banda lililo wazi pande zote.