Kalamu ya wino ya bei nafuu kwa anayeandika kutwa: ipime Jumatatu asubuhi

Mwalimu mwenzangu mleta mada, umeuliza mambo matatu. Kama kalamu ya wino ya shilingi 20,000 hadi 30,000, kama hiyo uliyoiona dukani, inafaa kwa kazi ya kila siku au ni pambo la mfukoni tu. Kama itakupunguzia maumivu ya kidole gumba, ambayo umesema yanaanza ukifika ukurasa wa tatu wa maandalio ya masomo. Na kama haitakuharibia shati. Mimi nafundisha sekondari Morogoro, huu ni mwaka wangu wa 12 kazini, na tangu 2019 maazimio ya kazi, maandalio na notisi zangu zote naziandika kwa kalamu ya wino. Nitakujibu kwa urefu, maana majibu mafupi niliyopewa wakati naanza yalinigharimu kalamu mbili na shati jeupe moja.

Inafaa. Maumivu huenda yakapungua, kama yalivyopungua kwangu. Na shati litapona ukielewa jambo moja kuhusu hewa, nitalifikia. Ila usiipime kalamu kwa jinsi inavyoandika siku ya kwanza dukani, kwa sababu siku ya kwanza karibu kila kalamu inateleza. Ipime Jumatatu asubuhi.

Fikiria ratiba yetu. Unaandika mfululizo Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu kalamu inalala mkobani siku mbili. Ikija likizo inalala mwezi. Wino wa kalamu hizi ni maji yaliyotiwa rangi, na maji hayo yanatoka taratibu kama mvuke kupitia nibu, yaani ile ncha ya chuma inayoandika. Rangi inabaki nyuma, inakuwa nzito, inaziba ule ufa mwembamba unaopitisha wino. Kalamu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho: ya chuma, nzito, ina klipu ya rangi ya dhahabu. Jina lake naliacha, huenda ni hiyo moja tu niliyoipata mimi. Ijumaa jioni iliandika bila tatizo. Jumatatu nimesimama mbele ya kidato cha pili, nafungua daftari la mahudhurio, haitoi kitu. Nachora duara pembeni ya karatasi, hakuna. Nachovya ncha kwenye kifuniko cha chupa ya maji, ndipo inatoa mistari miwili mitatu iliyopauka, halafu ndiyo inakolea. Hivyo hivyo wiki tano mfululizo. Nikairudia bolpeni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba nibu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kifuniko. Unaweza kulijaribu hili hapo hapo dukani, muuzaji akikuruhusu: vua kifuniko, weka midomo kwenye uwazi wake, puliza. Hewa ikipenya upande wa pili, basi na mvuke utapenya, na nibu itakukaukia. Hapo kuna angalizo moja. Vifuniko vingine vina tundu lililowekwa makusudi, ili mtoto akikimeza bado apate kupumua. Hivyo huwa na kikombe kingine kwa ndani kinachoifunika nibu, kwa hiyo chungulia ndani kabla hujaikataa.

Kalamu iliyonibadilisha mawazo ni Platinum Preppy. Platinum ni kampuni ya Kijapani iliyoanza 1919, na Preppy ni miongoni mwa kalamu zake za bei ya chini kabisa. Huko nje inauzwa chini ya dola 10. Mimi ya kwanza niliagiza kupitia ndugu aliyekuwa safarini na ikanifikia kwa shilingi 24,000 pamoja na katriji (kile kichupa cha plastiki cha wino kinachokaa ndani ya kalamu) moja ya akiba. Ukiishika haikupi fahari yoyote. Ni plastiki inayoonyesha ndani, nyepesi, na nibu yake ni chuma cha pua chenye rangi sawa na ya wino. Lakini chukua kifuniko ukielekeze kwenye mwanga. Ndani utaona kikombe kidogo kinachosukumwa na springi. Ukifunga kalamu, kile kikombe kinakuja kukaa juu ya nibu na kuziba kabisa. Kampuni inasema wino hautakauka hata kalamu ikikaa mwaka mzima bila kuguswa. Mwaka sijajaribu. Nilichojaribu ni likizo ya Desemba: niliiacha kwenye droo ya meza ya ofisini tulipofunga shule, nikaifungua Januari tuliporudi, wiki tano baadaye. Iliandika tangu herufi ya kwanza, na ilikolea vilevile kama nilivyoiacha.

Sasa kidole gumba. Bolpeni ina wino mzito kama grisi, na kile kigololi chake hakizunguki mpaka ukikandamize kwenye karatasi. Wewe ndiye unayefanya kazi ya kuutoa wino, herufi kwa herufi, kurasa kumi kwa siku. Kalamu ya wino inafanya kazi kama koroboi. Utambi wa koroboi hupandisha mafuta wenyewe bila kusukumwa na mtu, na ule ufa wa nibu pamoja na mifereji midogo kwenye ulimi wa plastiki ulio chini yake huvuta wino kwa njia hiyo hiyo. Nibu ikigusa tu karatasi, wino unashuka. Huhitaji kukandamiza.

Tatizo ni kwamba mkono umezoea kukandamiza tangu darasa la kwanza. Chukua kaunta buku lako la sasa, fungua ukurasa ulioujaza kwa bolpeni, ugeuze, upapase kwa vidole upande wa nyuma. Utasikia vipele kama vya maandishi ya nukta nundu. Hiyo yote ni nguvu iliyotoka kwenye kidole chako. Mimi nilikuwa nikipapasa hivyo kila jioni ili kujua kama nimepunguza, na ilinichukua kama wiki tatu kufikia ukurasa laini nyuma na mbele. Baada ya hapo ndipo maumivu yalipoanza kuniacha. Usikate tamaa wiki ya kwanza, na usiikandamize nibu, maana meno yake mawili yakitanuka hayarudi tena sawasawa. Ilaze kidogo kalamu, uso wa nibu uangalie juu, usiizungushe vidoleni kama unavyofanya na bolpeni. Basi.

Kwenye karatasi ndipo wengi hukosea, kwa sababu mapitio mengi unayoyasoma mtandaoni yameandikwa na watu wenye madaftari ya bei ghali. Sisi tunaandikia kaunta buku la kwaya mbili, na karatasi yake hunywa wino. Ukitumia nibu nene, herufi zinaota mizizi pembeni na wino unatokea upande wa pili, kwa hiyo unalipia kurasa 2 unatumia 1. Kwa hiyo nibu ndiyo uichague kwanza, hata kabla ya jina la kalamu. Preppy zimeandikwa namba ubavuni, na 03 maana yake ni milimita 0.3. Kwa kaunta buku chukua hiyo 03, iache 05. Kwa kawaida nibu za Kijapani huchora mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ile ile ya unene, kwa hiyo F (yaani nyembamba) ya Mjapani na F ya Mjerumani usizihesabu kuwa kitu kimoja.

Njia yangu ya kupima ni hii. Naandika neno "mahudhurio" mara tatu katikati ya ukurasa wa kaunta buku langu mwenyewe, si kikaratasi cha dukani. Nasubiri dakika moja. Natazama mkia wa herufi m na tumbo la d: kama kingo zake ni safi, au zimeanza kutoa vinyweleo. Halafu nageuza ukurasa. Kama naweza kulisoma neno kinyume, mchanganyiko huo wa nibu, wino na karatasi haunifai, hata kama kalamu yenyewe ni nzuri kiasi gani.

Kuna mbili nyingine ambazo watu watakutajia. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa 1980, ni imara kwelikweli, na pale pa kushika pamebonyezwa pande mbili ili vidole vikae mahali pake. Ukikosea nibu unaichomoa na kuweka nyingine bila fundi. Kwa karatasi yetu ningechukua EF, ile nyembamba zaidi. Bei yake itazidi bajeti yako, na ukiikuta kwa bei ya kutupa jihadhari, kwani za kuigiza zimejaa. Pilot Metropolitan ya Japani ina mwili wa shaba ya njano uliopakwa rangi kwa nje, na uzito wake unafika kama gramu 26. Wapo wanaoupenda uzito huo. Kwa mtu ambaye tayari kidole kinauma, mimi ningemwelekeza kwenye nyepesi.

Nije kwenye shati. Kalamu yangu ya pili ilinivujia nikiwa basini kutoka hapa Morogoro kwenda Mbeya. Niliilaumu kalamu, nikaitupa. Leo najua kosa lilikuwa langu. Wino ulikuwa umebaki nusu, maana yake nusu nyingine ilikuwa hewa. Morogoro ipo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya inakaribia 1,700. Kadiri tulivyopanda, ile hewa iliyofungwa ndani ilitanuka, na kalamu ilikuwa imelala mfukoni ncha ikiangalia chini, kwa hiyo hewa iliusukuma wino kupitia njia pekee iliyokuwepo. Joto nalo hufanya hivyo hivyo: acha kalamu yenye wino nusu kwenye dashibodi ya gari saa 8 mchana uone. Tangu hapo nikisafiri naijaza hadi juu au naimwaga kabisa, na siku zote naibeba ncha ikiangalia juu. Sijapata doa jingine.

Gharama ya wino isikutishe. Katriji za Platinum haziingiliani na za kampuni nyingine, na hapa kwetu kuzipata ni kazi, lakini katriji moja inaweza kujazwa tena na tena. Nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 5, na chupa ya wino kwenye duka la vifaa vya ofisini. Mimi natumia Quink ya bluu, niliipata Kariakoo. Chomoa katriji, ioshe kwa maji baridi, vuta wino kwa bomba, uingize polepole hadi karibu na mdomo. Ukitikisa utasikia kitu kinagonga ndani. Usishtuke, ni kigololi cha chuma kilichokuwa kimeziba mdomo wakati ni mpya, na sasa kazi yake ni kuukoroga wino usigande pembeni. Katriji moja inachukua zaidi kidogo ya mililita 1, na kwa mwandiko wangu na nibu ya 03 naandika kama kurasa 30. Chupa ya mililita 57 inakujazia mara 40 na zaidi.

Usije ukatia wino wa mhuri. Nasisitiza kwa sababu nimeona mwenzetu ofisini akifanya hivyo, rangi ilikuwa inafanana, na kalamu haikupona. Wala wino mweusi wa kuchorea ramani, ule ukikauka unakuwa kama gundi. Kila ukibadilisha rangi, au kila baada ya miezi miwili, pitisha maji baridi kwenye nibu mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana.

Na bolpeni usiitupe. Fomu zenye karatasi ya kaboni, stakabadhi, na zile za benki zinazotoa nakala chini yake zinahitaji mkandamizo, kalamu ya wino haifikishi herufi kwenye nakala ya pili. Pia wino wa kawaida wa bluu ukipata maji unayeyuka, kwa hiyo hati yoyote ya kutunzwa miaka mingi naiandika kwa kitu kingine. Kusahihishia nina Preppy ya pili yenye wino mwekundu, na kwa rundo la madaftari 90 ndiyo msaada mkubwa kuliko yote niliyoyataja hapa. Kama unaandika kwa mkono wa kushoto, subiri sekunde kadhaa kabla ya kupitisha kiganja juu ya mstari, au panga daftari kimshazari ili mkono upite chini ya maandishi.

Shuleni kwetu bado kuna madawati mawili ya zamani yenye tundu la duara kwenye kona ya juu. Wanafunzi huniuliza ni la nini, nami huwaonyesha: hapo ndipo kilipokaa kidau cha wino, na babu zao walichovya kalamu humo kila baada ya maneno machache. Huwapa kalamu yangu waandike majina yao. Huwa wanakandamiza sana, nami huwaambia waiache iende yenyewe.

Hiyo uliyoiona dukani kwa 20,000, kabla hujalipa omba kupuliza kifuniko, andika "mahudhurio" kwenye daftari lako mwenyewe, ugeuze ukurasa. Ikipita hapo, inunue Ijumaa, ijaze, ifunge, usiiguse mpaka Jumatatu. Halafu rudi hapa utuambie herufi ya kwanza ilitokaje.