Maswali ya Wasomaji: Pizomita Zimenyamaza Baada ya Rola Kupita

SWALI: Tunajaza tuta la barabara juu ya tope laini la bonde la Msimbazi. Chini yake tuna pizomita nne (vipimo vya shinikizo la maji ardhini) za waya unaotetemeka, kila moja na kebo yake. Rola ilipomaliza tabaka la kwanza, mbili zikaacha kusoma. Mkandarasi anasema vifaa ni feki. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Tunashuku kebo kwanza. Chukua multimita, pima ukinzani wa umeme kwenye ncha ya kebo. Nyaya za kifaa, ambazo mara nyingi ni nyekundu na nyeusi, kwa aina nyingi husoma kama omu 180, ongeza karibu omu 10 kwa kila mita 100 za kebo. Isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma chini mno, nyaya zinagusana au maji yameingia. Namba ikiwa sawa, hapo ndipo umgeukie muuzaji.

Kwamba rola huharibu kebo, inajulikana. Wengi wanachosahau ni kwamba tope hudidimia zaidi katikati ya tuta kuliko pembeni. Kebo iliyovutwa ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo hukatika shaba ndani, ganda la nje likabaki zima, na ukiitazama huoni kosa.

Kwa hiyo ilaze kwa kupindapinda mtaroni, urefu wa ziada asilimia 5 hadi 10, na uache kitanzi pale inapotoka kwenye shimo la pizomita, maana kona hiyo ndiyo hufa kwanza. Chini na juu yake weka mchanga uliochekechwa, sentimita 15 kila upande. Kokoto moja tu inatosha kutoboa ganda. Kebo zisipandane. Shindilia kwa mkono, na rola ya mtetemo isikaribie mpaka kifusi kifike sentimita 60 juu ya kebo. (Kwenye bwawa, ziba mtaro kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kila baada ya mita kadhaa, la sivyo maji yatafuata njia ya kebo.)

Soma kabla ya kufukia, baada ya kufukia, na kila rola ikipita, ukiandika saa. Bila hivyo, ubishi wenu na mkandarasi hauna ushahidi.

Zile mbili zilizonyamaza, fukueni kebo zake kwa koleo sasa hivi kabla ya tabaka la pili, mkianzia kwenye kona ya shimo. Kiungo kifungwe kwa resini ya kumimina. Tepu ya umeme peke yake haivuki masika.