Re: Mahindi yameota ukungu ndani ya mfuko wa kinga njaa

Ndugu, kama dumuzi (wadudu watoboao mahindi) wamekufa lakini ukungu umeingia, mfuko haukukosea; huo una nailoni mbili ndani za kuzuia hewa ili wadudu wafe. Mahindi yalifungwa hayajakauka. Kuyang'ata kwa jino kupima ukavu hakutoshi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi robo na vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu; yarudishe kwenye turubai yakauke.

Ukijaza, kamua hewa, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Kisha funga nailoni ya pili vivyo hivyo, kila moja peke yake. Weka juu ya chaga. Mfuko wa kuchotea mahindi ya unga wa kila wiki uwe tofauti, maana hewa ikiingia dumuzi waliosalia huanza upya.

Yenye ukungu usiwape hata kuku: sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) haiishi kwa kupikwa.