Barua kwa Mwanangu: Vitabu Vilikuwa Vinne

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza, kwa ajili ya utafiti wako wa shahada ya uzamili, nyumbani tulikuwa na vitabu vingapi ulipomaliza darasa la saba mwaka 2002, kwa kuwa yule mwanasosholojia wako Mfaransa, Bourdieu, anasema mtoto hurithi pia mtaji usio wa fedha: vitabu, lugha, namna ya kusimama mbele ya watu.

Vilikuwa vinne. Navihesabu kwa kichwa, maana kabati lenyewe lilikwenda na mafuriko ya mto Mkondoa pamoja na kila kitu. Biblia, kitabu cha nyimbo, mwongozo wa ufugaji wa kuku aliotuachia bwana mifugo, na kamusi ya Kiswahili na Kiingereza aliyoinunua baba yako Morogoro matokeo yako yalipotoka. Vya kiada nilivyokuwa nakuja navyo kila Ijumaa sivihesabu, vilikuwa vya serikali. Ingawa ninyi mlivisoma mpaka majalada yakabanduka. Basi viandike pembeni. Hapana, viache. Andika vinne.

Ila dodoso lako halijauliza nani pale nyumbani alijua kumhoji mwalimu.

Mwaka 2005, ulipokuwa kidato cha tatu, niliitwa kwenye kikao cha wazazi shuleni kwenu. Sijawahi kukusimulia. Walikuwa wameshawagawa, wewe wakakupeleka mkondo wa sanaa, nawe mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umepata 68 Hisabati na 61 Fizikia. Alama zako nilizijua kama jina langu. Yule rafiki yako mtoto wa daktari, mliyelala naye kitanda kimoja cha deka, yeye juu wewe chini, alikuwa na 52, naye wakamweka sanaa pamoja nawe.

Swali langu nililiandaa wiki nzima. Unajua mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 walituchukua na cheti cha darasa la saba, tukasomea ualimu hukuhuku vijijini huku tunafundisha, na watu wakatuita Ualimu Pasipo Elimu. Kiingereza changu kiliishia pale darasa la saba. Kwa hiyo nikafungua kamusi nitafute neno la mkondo. Ikanipa maneno mawili. Nikakaa nayo mpaka taa ikaisha mafuta, kwa sababu kamusi inakueleza maana ya neno, haikuelezi ni lipi watu wa shule wanalitumia. Daktari alilijua. Hakuliandaa, alikuwa nalo tu.

Alisimama, akauliza kwa Kiingereza, sauti ya kawaida, mkono mfukoni. Mkuu wa shule akamwita kwa cheo chake, akamwambia watazungumza ofisini, na wiki ileile mtoto akarudishwa sayansi. Nami nikasimama. Nikaanza kwa Kiswahili, "Naomba kuuliza kuhusu mtoto wangu..." Mkuu akasema, "Mama, subiri, tutakuona mwishoni." Nikakaa. Mwishoni zikaletwa soda, watu wakainuka, mkuu akaingia ofisini na wengine, na mimi nikabaki na kikaratasi changu mkononi. Tangu Morogoro mjini mpaka Dumila sikumjibu jirani yangu kwenye basi hata salamu.

Shule hupima kile isichokifundisha, Rehema. Nimelisema hili miaka yote na baba yako alichoka kulisikia. Inamfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza inampima kwa Kiingereza, na mwenye uwezo wa kulipia shule ya Kiingereza tangu chekechea ameshavuka mto huo zamani. Nilifurahi sana ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne, Januari 2016, nikawaona watoto wa vibarua wa mkonge wakienda. Lakini mimi siku ile ya kikao ada yako nilikuwa nimemaliza kulipa. Risiti ilikuwa kwenye mkoba.

Halafu najiuliza: nani alinifukuza? Hakuna. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, ningeweza kuingia. Pengine mkuu alikusudia kweli kuniona, akasahau, nami nikaondoka mapema. Daktari simlaumu, alimpigania mwanawe kama mzazi yeyote. Na mimi mwenyewe, nilipokuwa na watoto 80 darasani, nilimwinua nani? Mtoto wa nesi, mtoto wa mtendaji wa kata, wale walionitazama usoni. Mtoto aliyeinamisha kichwa kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao, nilidhani hajui. Nilimaliza miaka 29 ya kazi ndipo mtu mwingine akanifanyia hivyohivyo, nikaelewa.

Unaweza kusema mambo yaliishia vizuri, kwamba bila sanaa usingefika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuandika haya. Pengine. Nilitaka uwe daktari, au wewe ndiye uliyetaka. Siku hizi nachanganya. Kama mkuu yule alifanya haki au hakufanya, nina neno langu, na nimelibana miaka yote hii. Wewe ndiye mtafiti, waulize na wengine kwanza, kisha uje nikuambie.

Nimempenda Bourdieu kwa lile ulilonieleza, kwamba baba yake alikuwa mtu wa posta kijijini. Ndiyo maana alijua pa kutazama.

Kile kikaratasi nilikihifadhi ndani ya kamusi, penye ukurasa wa herufi M, maneno yote mawili nimeyapigia mstari. Kilikwenda na kabati. Neno lenyewe hadi leo sijamwuliza mtu. Ukija Kilosa, niambie lilikuwa lipi.

Mama yako