Fundi simu auliza: FBI ilishindwaje na simu moja?

SWALI: Salaam, mtaalamu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga, huu mwaka wa saba. Kila wiki naletewa simu ambazo wenyewe wamesahau patani au namba ya siri. Naziflashi, mteja analipa, anaondoka na simu inayofanya kazi. Juzi kijiweni tulibishana sana kuhusu ile kesi ya 2016 kati ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na Apple, watengenezaji wa iPhone, kuhusu simu ya muuaji. Iweje shirika lenye mitambo yote ile lishindwe na simu moja mpaka liende mahakamani? Na kama simu ni ya muuaji, kuna ubaya gani kampuni ikaifungulia serikali? Mimi naona mtu asiye na kosa hana cha kuogopa. – Fundi, Tanga

JIBU: Ndugu yangu fundi, jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya neno lako mwenyewe, kuflashi. Ukiflashi simu unamrudishia mteja kifaa, ila picha, meseji na majina vyote vimekwenda. Mteja anaridhika kwa kuwa alichotaka ni simu. FBI walitaka kilichokuwa ndani, na hicho ndicho kinachoteketezwa na kuflashi.

Zamani haikuwa hivyo. Kama umewahi kushika simu za Android za mwanzoni mwa miaka ya 2010, utakumbuka kwamba ilitosha kuingia kwa kompyuta na kufuta faili moja liitwalo gesture.key. Patani inaondoka, picha za mteja zipo palepale. Patani ililinda kioo tu; data zilikaa wazi kwenye kumbukumbu, zikimsubiri yeyote atakayezifikia kwa njia nyingine.

Siku hizi data zenyewe zimesimbwa. Zimevurugwa kwa hesabu inayotumia ufunguo, na asiye na ufunguo huo, hata akiing'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma yote, haambulii hata jina moja la mtu. Ufunguo nao hautokani na namba ya siri peke yake. Ndani ya prosesa ya iPhone, yaani ubongo wa simu, kuna namba ya biti 256 iliyochomwa humo kiwandani. Hakuna programu inayoweza kuisoma. Inaweza tu kuiomba prosesa ipige hesabu kwa kuitumia. Namba ya siri ya mtumiaji inachanganywa na hiyo ya prosesa, ndipo ufunguo unapatikana. Kwa hiyo huwezi kunakili data ukaenda kubahatisha kwenye kompyuta kubwa huko maabara. Kila jaribio lazima lipitie kwenye simu ileile, na hesabu yake imefanywa nzito makusudi: takriban milisekunde 80 kwa jaribio moja.

Tupige hesabu. Namba za tarakimu nne ziko 10,000. Kwa milisekunde 80 kila moja, unazimaliza zote kwa dakika 13 hivi. Za tarakimu sita ziko 1,000,000, nazo zinahitaji kama saa 22. Polisi anaweza kusubiri saa 22 bila shida. Kinachomkwamisha ni zuio la pili, lililoandikwa kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha simu. Kwenye iPhone za wakati wa kesi ile, ukikosea mara ya tano ulisubiri dakika moja, kisha dakika tano, kisha kumi na tano, mpaka saa nzima. Na kama mwenye simu aliwasha kipengele cha kujifuta, kosa la kumi linaangamiza ufunguo. Data zinabaki humo, lakini hakuna tena atakayezisoma, hata mwenyewe.

Sasa njoo kwenye kesi. Tarehe 2 Desemba 2015, mjini San Bernardino, California, Syed Rizwan Farook na mkewe Tashfeen Malik waliwapiga risasi na kuwaua watu 14, nao wakauawa na polisi siku hiyohiyo. Simu zao binafsi walikuwa wameshaziharibu. Ilibaki iPhone 5C ambayo Farook alipewa na mwajiri wake, kaunti ya San Bernardino. Apple iliwapa wapelelezi nakala zilizokuwa kwenye seva zake za iCloud, hifadhi yake ya mtandaoni, lakini ya mwisho ilikuwa ya tarehe 19 Oktoba. Pengine simu ile ingetuma nakala nyingine kama ingerudishwa tu kwenye Wi-Fi inayoifahamu. Kwa bahati mbaya, siku chache baada ya mauaji, kaunti ilibadilisha nywila ya akaunti ile kwa maelekezo ya FBI, na njia hiyo ikaziba. Jambo hili linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu mvutano wote uliofuata ulianzia kwenye kosa la haraka ambalo fundi yeyote angeweza kulifanya.

Tarehe 16 Februari 2016 Jaji Sheri Pym aliiamuru Apple isaidie, kwa kutumia sheria ya mwaka 1789. FBI walitaka mfumo endeshi maalumu wa simu ile, wenye mambo matatu: usijifute, usimcheleweshe anayejaribu, na uruhusu namba kuingizwa na kompyuta badala ya kidole. Hapa fungua macho kama fundi. FBI wana wahandisi hodari wa kuandika programu. Walichokosa ni saini ya kidijitali ya Apple, alama inayothibitisha kwamba programu imetoka kwake, maana iPhone haikubali mfumo endeshi usio na saini hiyo. Apple haikuwa na ufunguo wa kutoa, na iliombwa iitie saini programu inayovunja ulinzi wa bidhaa yake yenyewe.

Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, alikataa kwa barua aliyoiweka hadharani. Serikali ilisema ni simu moja tu, na amri ilitaka programu ile ifungwe kwenye namba ya utambulisho wa simu ile peke yake. Lakini wakati huohuo mwendesha mashtaka wa Manhattan, Cyrus Vance, alikuwa akisema ofisi yake pekee ina iPhone zaidi ya 170 zinazosubiri kufunguliwa. Mahakama ikishasema kampuni inaweza kulazimishwa kutengeneza kifaa cha aina hiyo, simu ya pili haihitaji hoja mpya. Na hapo tunazungumzia nchi moja tu. Apple inauza simu karibu dunia nzima, na kila serikali ina mahakama yake na ina watu inaowaita wahalifu.

Kesi yenyewe haikufika hukumuni. Siku moja kabla ya kusikilizwa, tarehe 21 Machi, serikali iliomba iahirishwe, na tarehe 28 ikasema imeshaifungua simu kwa msaada wa watu wa nje. Miaka mitano baadaye gazeti la Washington Post liliandika kwamba ni kampuni ndogo ya Australia, Azimuth Security, iliyotumia dosari ndani ya programu. Kumbuka pia kwamba iPhone 5C haikuwa na ile sehemu ya pekee ya usalama ndani ya prosesa iliyoanza na iPhone 5S. Ilikuwa simu rahisi kulinganisha na zilizokuja baadaye.

Nije kwenye swali lako la pili, na hapa sitazunguka: sikubaliani nawe, na nina sababu.

Sina ugomvi na polisi mwenye hati ya mahakama. Upelelezi wa mauaji ni kazi ya haki, na ndugu wa wale 14 walistahili majibu. Tatizo liko kwenye kifaa chenyewe. Mlango ukishawekwa kwenye mfumo, hesabu haiulizi aliyeushika ni hakimu, mwizi au jasusi. Na hili tumekwisha kuliona.

Ugiriki, kati ya 2004 na 2005, watu wasiojulikana waliingia kwenye mitambo ya Vodafone. Ndani ya mitambo ile mlikuwa na programu ya kusikiliza simu iliyowekwa kwa ajili ya vyombo vya dola. Waliiwasha kimyakimya na kuelekeza mazungumzo ya simu zaidi ya 100 kwenye simu zao. Miongoni mwa waliosikilizwa alikuwamo Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe! Chombo kilichotengenezwa ili serikali isikilize wahalifu kiligeuzwa kumsikiliza mkuu wa serikali.

Marekani nako, Novemba 2024, FBI na wakala wa usalama wa mitandao, CISA, walithibitisha kwamba wadukuzi wanaohusishwa na serikali ya China waliingia kwenye mitandao ya kampuni za simu za nchi ile. Walichonakili ni pamoja na taarifa zilizokuwa zimeombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Mwezi uliofuata CISA iliwashauri maofisa wakubwa watumie programu za mawasiliano zilizosimbwa kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Serikali ileile iliyokwenda mahakamani 2016 kutaka loki ilegezwe, sasa iliwaambia watu wake wajifiche nyuma ya loki hiyohiyo.

Ukisema asiye na kosa hana cha kuogopa, fikiria meza yako ya kazi. Mama analeta simu ibadilishwe kioo, anaiacha kwako mpaka jioni. Ndani mna picha za wanawe, majibu ya hospitali, meseji za M-Pesa, maneno aliyoandikiana na dada yake kuhusu ndoa yake. Hana kosa lolote. Wewe ni mwaminifu, lakini fundi wa duka la tatu pengine si mwaminifu, na kijana aliyeikwapua simu hiyo kwenye daladala hakika si mwaminifu. Kwa watu wetu wengi, usimbaji unawalinda na hao kabla ya kuwalinda na serikali yoyote.

Tena usidhani hili ni la simu ghali tu. Kwa miaka mingi simu za bei ya chini ziliruhusiwa kutosimbwa, kwa sababu prosesa zake dhaifu zingejikokota. Februari 2019 Google ilitoa njia iitwayo Adiantum, iliyotengenezwa mahsusi kwa prosesa za aina hiyo, na kuanzia Android 10 simu mpya zote zinatakiwa kusimbwa. Ndiyo maana ule ujanja wa kutoa loki bila kupoteza data umekuwa ukikuponyoka mwaka hadi mwaka.

Mvutano haujaisha, umehamia kwenye nakala zinazohifadhiwa kwenye seva. Wasomaji wetu walio Uingereza wanalijua hili. Februari 2025 Apple iliondoa nchini humo ulinzi wa juu wa iCloud, ule unaofanya hata kampuni yenyewe isiweze kusoma nakala zako. Hiyo ilikuwa wiki mbili baada ya magazeti kufichua kwamba serikali imeitaka kampuni, kwa sheria ya 2016, itoe njia ya kuzifikia data hizo. Sheria ile inaikataza kampuni hata kutamka kwamba imepewa amri. Hicho ndicho kinachonitia hofu zaidi ya yote: mwenye data hajui, na hawezi kupinga asichokijua.

Kwa wateja wako, waambie namba ya siri iwe ya tarakimu sita au zaidi, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Simu ikiwa inapelekwa mahali wasipopaamini, waizime kabisa. Simu iliyowashwa upya na bado haijafunguliwa hata mara moja, funguo zake nyingi bado hazijaingia kwenye kumbukumbu ya kazi. Ikishafunguliwa mara moja zinabaki humo hata kioo kikifungwa, na vifaa vya kufungulia simu vya kampuni kama Cellebrite hufaulu zaidi katika hali hiyo. Na wakague bekapu ya WhatsApp. Meseji zikiwa njiani zimesimbwa, lakini nakala inayokwenda Google Drive haina ulinzi huo mpaka mwenyewe auwashe kwenye mipangilio. Kipengele hicho kipo tangu Oktoba 2021, na nimekuta wachache sana waliokigusa.

Kuna gharama, na sitaificha. Miaka niliyofanya kazi ya kurejesha data alinijia kijana na simu ya marehemu baba yake. Alitaka sauti tu, zile meseji za sauti ambazo mzee alimtumia mama bila kuzinakili popote. Nilijaribu kila nilichokijua, na baada ya wiki mbili nikamrudishia simu kama alivyoileta. Sijasahau jinsi alivyoishika kwa mikono miwili akitoka.

Nawe utaletewa simu kama hiyo. Usikimbilie kuflashi. Muulize kwanza kama laini ya marehemu bado ipo hewani, kama kuna mtu anayeijua akaunti yake ya Google au Apple, na kama kuna kompyuta nyumbani ambayo simu iliwahi kuunganishwa nayo. Google tangu 2013 inamruhusu mtu kuchagua nani apewe data zake akaunti ikikaa kimya muda mrefu; Apple nayo tangu mwishoni mwa 2021 inamruhusu kuteua atakayeomba data za akaunti baada ya kifo. Kama hakuna hata kimoja, mwambie ukweli, kisha mpe nafasi ya kuamua mwenyewe kama anataka simu ya kutumia au anataka kuiweka kabatini kama ilivyo.