Dambeli: kuzipandisha na kuzishusha bila kuumiza bega

Mkuu umesema ukilala kwenye benchi kupiga kifua na dambeli (vile vyuma vifupi, kimoja kila mkono) za kilo 24, unapiga repu nane, yaani unasukuma juu mara nane, vizuri tu, ila ukizipandisha mwanzoni na ukizishusha mwisho ndo bega la kulia linalia. Kwa maelezo hayo sioni shida kwenye kupiga kwenyewe, shida iko kwenye kuingia na kutoka, na hicho kitu jimu nyingi hawafundishi kabisa, unaoneshwa kifua, mgongo, miguu, basi.

Jimu yetu ya mtaani vyuma vingi ni vya kuchomelea, na watu kibao nawaona wanalala kwanza kwenye benchi halafu ndo wananyoosha mkono chini kuokota dambeli. Hapo bega limefunguka kwa nje na mkono umeenda nyuma, halafu unalibebesha kilo 24 zote, na mkao huo ndo bega linaweza hata kuchomoka. Mtu akisha kuniambia linauma wakati wa kuokota, hapo ndo naangalia kwanza.

Fanya hivi. Dambeli ziwe sakafuni pembeni ya miguu, ziokote ukiwa umesimama, mgongo umenyooka, halafu kaa mwisho wa benchi na uzisimamishe wima juu ya mapaja, karibu na goti ila zikae kwenye nyama, sio kwenye mfupa wa goti. Kama umevaa bukta na una jasho weka taulo maana zinateleza. Vuta pumzi, lala nyuma huku goti moja linasukuma dambeli yake na la pili linafuata hapo hapo, yaani miguu ndo inazipandisha, mikono inaziongoza tu. Mgongo ukigusa benchi dambeli ziwe usawa wa kifua, viwiko karibu na mbavu, viganja vinaangaliana. Sukuma juu, kisha ndo ugeuze mikono uanze seti, yaani mfululizo wa repu zako.

Kutoka ndo pagumu zaidi kwa sababu umeshachoka, kwa hiyo usimalize nguvu zote kwenye repu ya mwisho, bakiza ya kushushia. Geuza viganja viangaliane, shusha hadi kifuani, inua magoti mpaka mapaja yaguse dambeli, halafu jibembee uinuke, miguu ikishuka inakunyanyua yenyewe. Usijipinde kuweka moja chini huku nyingine bado iko mkononi. Ikitokea umekwama kabisa, kunja viwiko, hakikisha pembeni hamna mtu, ziachie karibu na sakafu na usizifuate na mkono.

Siku ukihamia kwenye chuma kirefu cha kushika kwa mikono miwili mambo ni hayo hayo. Ndoano za benchi zinazoshikilia chuma zikiwa juu sana utalazimika kunyanyua mabega kutoka kwenye benchi ili ukitoe, zishushe hadi ukishike viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Macho yawe chini ya chuma. Kurudisha, nyoosha mikono kwanza juu kabisa, ndo ukirudishe nyuma mpaka kigonge nguzo zote mbili, halafu shusha. Wengi wanalenga ndoano mikono bado imekunja, upande mmoja unaingia mwingine unakosa, na hapo uko peke yako na kilo 20 za chuma tupu kabla hujahesabu pleti, zile sahani za uzito za pembeni. Ukiwa huna mtu wa kukushika na benchi haina vyuma vya usalama pembeni, usifunge kilipu, yaani vibanio vya kuzuia pleti zisitoke, maana ukikwama unainamisha upande mmoja pleti zimwagike, kelele zitakuwepo ila kifua kiko salama. Na kidole gumba kizunguke chuma, hilo sitaki hata kubishana na mtu.

Sasa hilo bega, kama linauma hata usiku ukililalia, au mkono haupandi juu ya kichwa, simamisha kifua kwanza uende hospitali walicheki. Kama ni wakati wa kuokota tu, shuka hadi kilo 14 ufanye huku kuingia na kutoka mpaka mwili uzoee, kisha rudi hapa utupe mrejesho.