Kabla Hujamwandika Mwanao Rodrigo

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mkewe ni mjamzito, na mtoto akiwa wa kiume ataitwa Rodrigo, kwa heshima ya Rodri wa Manchester City. Chaguo zuri. Ila mtandaoni amesoma kuwa maana yake ni "mtawala mashuhuri", na hapo ndipo wazazi wengi hupotoshwa.

Jina hili lilifika Hispania na Wavisigothi, watu wa asili ya Kijerumani. Lina vipande viwili: kimoja cha umaarufu, kingine cha utawala. Watu wale walichagua vipande vyenye heshima, mara nyingi kutoka majina ya jamaa zao, wakaviunganisha bila kukusudia sentensi. Mtu akikuuliza maana, mtajie vyote viwili, usimtungie methali.

Rodrigo wa kwanza kuvuma hakuwa na bahati: ni yule mfalme wa Toledo aliyeshindwa na jeshi la jemadari Mwislamu Tariq bin Ziyad mwaka 711. Aliyelisafisha jina ni Rodrigo Díaz de Vivar, aliyeiteka Valencia mwaka 1094 na kufia humo mwaka 1099. Huyo wengi humsifu kama shujaa wa Wakristo tu, wakisahau kwamba aliwahi kuwatumikia watawala Waislamu wa Zaragoza. Lakabu yake, Cid, inatokana na neno la Kiarabu lililotupa Seyyid, cheo cha masultani wa Zanzibar.

Sasa cheti cha kuzaliwa, maana huko ndiko watu huharibu. Usiandike Rodríguez: hilo ni la ukoo, "mwana wa Rodrigo", na ndilo lenye alama juu ya i. Rodrigo halina alama. Rodrigue, mnalolisikia Kongo na Burundi, ni hilohilo kwa Kifaransa. Rodri nalo liacheni la nyumbani na uwanjani. Mchezaji mwenyewe ni Rodrigo Hernández Cascante, Hernández la baba, Cascante la mama. Msimbandike mtoto Hernández kwa mapenzi ya mpira, akaja kuulizwa shuleni baba yake ni nani.

Na kama mtambatiza Kikatoliki, mtakatifu yupo: Rodrigo wa Córdoba, aliyeuawa mwaka 857. Sikukuu yake ni 13 Machi.